Leo Nakula Peke Yangu

Mtoto akikutumia mashine, ujue haji. Hilo nimejifunza uzeeni, ingawa mwenyewe nimefundisha miaka thelathini na kitu. Kijana wangu wa Dodoma alinipigia simu mwezi wa saba akasema likizo imebana, ila kuna mzigo wangu kwenye basi, niende stendi nikaupokee. Nilikuta boksi kubwa kama la televisheni za zamani, na ndani yake kitu cheusi kinachong'aa, kina droo mbele na vitufe juu. Wenyewe wanakiita eya fraya. Mimi nilikiita jiko la upepo, maana kazi yake yote ni kupuliza upepo wa moto.

"Mama, achana na mkaa sasa," aliniambia kwenye simu. "Hiyo inakaanga bila mafuta mengi. Halafu ni ndogo, inamtosha mtu mmoja kabisa."

Alisema kwa upendo, najua. Lakini lile neno "mtu mmoja" lilinichoma. Niliiweka mashine mezani, nikaitandikia kitambaa cha kufuma, nikaiacha hapo kama mgeni ambaye hujui umpe nini.

Nakaa Mkomaindo, hapa Masasi mjini, kwenye nyumba niliyoachiwa na mume wangu. Watoto ni watatu na wote wako mbali, na kila mmoja anaamini kwamba wale wengine wawili wananipigia simu zaidi yake. Nilikuwa mwalimu wa mapishi na ushonaji, na nilikuwa mkali, sikatai. Msichana aliyeunguza vitunguu kwangu alivikumbuka mpaka akaolewa. Basi fikiria mtu wa namna hiyo akikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, akipika kikombe kimoja cha mchele, hana hata mtu wa kumgombeza.

Aliyeniokoa alikuwa jirani. Uani kwetu kuna nyumba ndogo ya pili, na mwaka uliofuata baada ya msiba wangu walihamia watu wa Newala: baba fundi wa kuchomelea vyuma, mama, na watoto wao wawili wa kike, mapacha wa darasa la nne. Sote tulimwita yule mama Mama Pacha. Ni Muislamu safi, mwenye swala zake tano, mcheshi, na mdogo kwangu kiasi cha kuwa binti yangu wa kwanza. Kila siku saa kumi alikuja. Hakuwahi kukosa sababu, leo chumvi, kesho sindano, na akishakaa ile sababu tunaisahau. Alileta ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwao, mimi natoa chai, tunamenya na kuchovya kwenye chumvi na pilipili, na ananitania kwamba sisi watu wa bondeni hatujui ming'oko, tunakula mizizi tu. Mimi namjibu kwamba afadhali sisi tuna maji ya kuioshea, huko kwao mlimani maji ni shida. Hapo anacheka mpaka anaegemea ukuta. Saa moja na nusu ya namna hiyo, kila siku, ndiyo iliyokuwa familia yangu.

Sasa nieleze habari ya nguruwe.

Marehemu mume wangu aliipenda nyama ya nguruwe kuliko nyama nyingine yoyote. Enzi hizo nyumba ndogo ya uani ilikaliwa na wazee wawili, mtu na mkewe, Waislamu wa Masasi wa tangu na tangu, na kwa heshima yao neno nguruwe halikutamkwa kwetu. Mjini wana majina yao ya kumfichia, kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Hilo la mwisho sisi Waanglikana wa Lulindi tulilipenda, maana lawama lilizipeleka Lukuledi kwa wenzetu Wakatoliki. Mume wangu hakutumia hata moja. Siku ya nguruwe alisimama mlangoni akapaza sauti: "Jamani, leo tunakula peke yetu!" Na yule mzee alijibu kutoka barazani kwake, "Kuleni, mkishanawa mje!" Kila mtu ameelewa na hakuna aliyetajiwa kitu. Jioni tulikaa pamoja tukibangua korosho kama kawaida.

Wale wazee wamefariki wote wawili. Mume wangu naye akafuata, na tangu siku hiyo sikupika tena nguruwe. Haikuwa kwa sababu ya dini ya mtu. Nguruwe ni nyama ya kelele, inataka watu mezani wanaogombania mfupa.

Mwezi wa nane mama mkwe wa Mama Pacha aliugua huko Newala. Mama Pacha akafunga mzigo, akawachukua mapacha, akapanda kwenda kumuuguza. Mume wake alibaki, lakini yeye huondoka asubuhi na mapema na kurudi jioni. Uani pakawa kimya. Saa kumi ilifika, nikatenga vikombe viwili kwa mazoea, nikarudisha kimoja kabatini. Siku ya tatu nilijikuta nazungumza na kuku wa mtaa wa pili. Siku ya tano nikaitazama ile mashine nikasema, haya, tuone huyo mtu mmoja anakula nini.

Nilifikiri sana kabla. Nilijua kwamba nikipika nguruwe humo, Mama Pacha hatagusa tena chochote kitakachotoka humo, na ana haki yake. Lakini masufuria yangu yote yalikuwa ya sisi sote, tuliyapikia futari na pilau za sikukuu. Nikaamua: mashine ya mtu mmoja na iwe ya mtu mmoja kweli. Mengine yabaki yetu.

Bucha ya nguruwe kwetu haikai katikati ya mji. Iko nje kidogo, upande wa barabara ya Newala, na haina kibao. Ukiona pazia la kanga kuukuu mlangoni na wanaume wameketi ndani kimya kama kanisani, umefika. Nilimwambia muuzaji nataka chopsi.

"Mama, sisi tunakatakata tu vipande, vya kukaanga na ndizi."

"Mimi sitaki vya ndizi. Nataka mbavu na nyama yake ya mgongo, unene wa vidole viwili, mfupa usiusage."

"Hiyo ya hotelini, mama."

"Basi leo mimi ndiyo hoteli."

Alinikatia kwa shoka, nyembamba, zimepinda. Akafunga kwenye gazeti, nikazizika chini ya mchicha kikapuni, nikarudi nyumbani nikisalimia watu njia nzima na uso wa mtu aliyenunua mchicha.

Ile ya kwanza niliiharibu, mimi mwalimu wa mapishi. Darasani nilifundisha kwamba nguruwe apikwe mpaka afe mara ya pili, kwa ajili ya minyoo, na mazoea hayana dawa. Niliitia nyama mbichi ikiwa na maji yake, nikaweka dakika ishirini na tano. Dakika ya saba umeme ukakatika. Uliporudi sikujua nihesabu kuanzia wapi, nikaanza upya. Kilichotoka kilikuwa kikavu kama soli ya kandambili, kina rangi ya majivu. Nilikila hivyo hivyo nimesimama jikoni. Kuketi mezani kunataka mtu wa kukuona.

Hasira zikanipanda. Siwezi kushindwa na kitu chenye waya. Nikakaa na daftari nikawaza kama nilivyokuwa nikiwaza zamani kabla ya mtihani wa vitendo. Kosa la kwanza ni unyevu: nyama yenye maji juu yake haikaangiki, inachemka. La pili ni wembamba. La tatu ni woga. Nguruwe wa siku hizi akiiva mpaka kwenye mfupa, na maji yake yakatoka meupe yasiyo na damu, ameiva. Ukiendelea hapo unamkausha tu.

Siku ya kumi nikarudi kwa yule muuzaji. Safari hii nilisimama karibu na gogo lake nikamwonyesha kwa vidole vyangu. Akakata mbili nzuri, kila moja na mfupa wake na ukingo mweupe wa mafuta. Asubuhi hiyo hiyo nikaziloweka kwenye maji ya chumvi yenye sukari kijiko kimoja. Mchana nikazitoa, nikazikausha kwa kitambaa safi, nikakausha tena. Nikaukata ule ukingo wa mafuta mara tatu kwa ncha ya kisu ili nyama isijikunje. Nikapaka kitunguu saumu kilichotwangwa, pilipili manga, pilipili nyekundu ya unga kidogo kwa ajili ya rangi. Mkate wa juzi nilikuwa nimeuanika ukakauka. Nikausaga kwa chupa, nikauchanganya na mafuta kijiko kimoja, nikazigandishia pande zote kwa kukandamiza na kiganja. Mashine nikaiwasha tupu kwanza ipate moto. Nyuzi mia mbili. Dakika sita upande huu, nikageuza, dakika sita upande wa pili.

Harufu iliyotoka, nyumba nzima ilirudi kuwa na watu. Ndivyo nilivyosikia, na sioni aibu kuandika. Nilivuta droo nikakuta zimekuwa za dhahabu, zinatoa mlio mdogo. Nikaziweka kwenye sahani zipumzike dakika tano, maji yatulie ndani. Wasichana wangu wa darasani walikuwa hawapendi kabisa hapo, walitaka kukata palepale, na nilikuwa nawaambia mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikatandika kitambaa mezani. Nikaweka sahani na glasi ya maji.

"Hodi! Hodi mama! Shikamoo!"

Nilikuwa nimeingoja sauti hiyo siku kumi, ikaja katika dakika zile tano. Nikaenda mlangoni na mikono yangu ya mafuta, nikafungua kiasi cha kutoa uso. Mama Pacha alisimama pale na vumbi la safari bado liko kwenye ushungi, fungu la ming'oko mkononi.

"Marahaba mwanangu! Umerudi lini?"

"Sasa hivi, hata mzigo sijautua vizuri. Nimesema nianze kwako." Akavuta pumzi. "Mwe, unapika nini leo? Harufu imenipokea tangu njiani huko. Nipishe basi, mama, nina maneno."

Angeingia. Sahani ipo mezani, wazi. Nikafanya nilichomwona mume wangu akifanya miaka yote. Nikatabasamu, nikasema:

"Mama Pacha, leo nakula peke yangu."

"Ati?"

"Nakula peke yangu leo."

Nikangoja aniambie nikishanawa atakuja. Akaishusha mikono, na ming'oko ikashuka nayo.

"Haya mama," alisema. "Kula salama."

Akaondoka. Nikafunga mlango nimeridhika kabisa na adabu yangu.

Ile nyama, nikikata, ganda lilivunjika kwa sauti, na maji yakatoka yakatapakaa kwenye sahani. Ilikuwa laini mpaka mfupani. Ukingo wa mafuta ulikuwa umekauka ukawa unavunjika mdomoni, chumvi imeingia ndani. Nilipotafuna kipande cha kwanza nilisema kwa sauti, "Mnaona?" Nikainua macho, mbele yangu kuna kiti na ukuta. Nikala ya kwanza, ya pili nikaifunika.

Kisha nikaosha. Sahani mara mbili kwa sabuni, meza, mikono mpaka viwikoni. Nikafungua madirisha yote. Nikabandika chai kwenye sufuria letu, nikatenga vikombe viwili. Saa kumi na moja ikapita, nikaipasha chai. Saa kumi na mbili nikainywa mwenyewe, nikajiambia amechoka na safari.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa tulikutana bombani, akasema shikamoo kwa heshima yote, nikasema marahaba, akabeba ndoo yake akaenda. Mapacha waliokuwa wakija kuazima chupa ya chai hawakuja. Wiki ikaisha. Mimi, kwa akili zangu, nilijua sababu: ameisikia harufu, amejua ni nguruwe, amechukia. Na nikawaka. Nilimwambia kwa staha, nilijifungia kwangu, sikumtajia kitu, sikumkaribisha, nimekosa nini? Miaka mitatu anakula kwangu, leo ananiona najisi? Nilimpa maneno makali sana yule mama, yote jikoni kwangu, yeye hayupo. Hasira hasara, nilikuwa nawaandikia wasichana ubaoni, lakini mwalimu hajifundishi. Nikaapa kwamba wa kuanza kusema ni yeye.

Wiki ya pili hivyo. Wiki ya tatu. Kijana wa Dodoma akapiga simu. "Mama, ile mashine unaitumia?" Nikamwambia naitumia. Ilikuwa mezani chini ya kitambaa, na mimi nilikuwa nakula uji. Jioni nilikuwa nazima taa ya mbele niwasikie jirani zangu wakicheka, nikisikia nafunga dirisha kwa nguvu ili nao wasikie kwamba nimefunga. Mtu mzima mimi. Upweke ukichanganyika na kiburi unakupeleka kwenye utoto.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia kirikuu cha mizigo kinaingia uani kinyumenyume. Nilichungulia. Walikuwa wanapakia kitanda. Kisha magodoro, mtungi wa gesi, baiskeli, mashine ya kuchomelea imefungwa kwenye turubai. Nilitoka nje na gauni la ndani ya nyumba, kichwa wazi, sijui hata nilivukaje uwanja.

"Mnahama?" nilisema. Nilisema kama nagombeza. "Mnahama, na mimi sijui?"

Mama Pacha alikuwa amebeba ndoo ya vyombo. Akaitua. "Shikamoo mama."

"Acha shikamoo! Mnakwenda wapi?"

"Newala, mama. Mama mkwe hawezi tena kukaa peke yake, na mikorosho haina mtu. Tunahamia jumla." Akaangalia chini. "Nilikuja kukuambia siku ile ile niliyorudi. Kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nilisema nikakae na mama yangu kwanza, tulie pamoja, tupange. Ukaniambia unakula peke yako."

"Ndiyo, nilikuambia..."

"Basi nikasema labda nimezidi. Kila siku mimi tu kwako, na watoto wangu, tunakumalizia chai. Mtu kukuambia anakula peke yake, mama, kwetu hilo ni neno kubwa. Hata mtu mchoyo halisemi. Nikajua nimekuchosha."

Neno lile mume wangu na wale wazee walilijenga wenyewe kwa miaka, na hakuna aliyebaki wa kulielewa isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimemtupia mtu ambaye hakuwepo. Miaka mitatu yote nilikuwa sijapika nguruwe hata mara moja. Angejulia wapi?

"Nguruwe!" nilipiga kelele. "Nilimaanisha nguruwe! Nilikuwa napika nguruwe!"

Wanaume waliokuwa juu ya kirikuu waliacha kupakia. Baba Pacha aliinamia kamba akajifanya hajasikia. Mama Pacha alinitazama, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, akaketi kwenye godoro lililokuwa chini akacheka mpaka akakosa pumzi. "Si ungesema tu, mama! Si ungesema nguruwe, nikaenda zangu, nikarudi jioni!"

"Nilikuwa nakuheshimu!"

"Ndiyo, umeniheshimu," alisema, na sasa alikuwa halii wala hacheki, vyote viwili vilikuwa usoni. "Wiki tatu, mama. Nipo hapo ukutani, nakusikia ukikohoa, nawaza nimekukosea nini. Na ndizo zilizokuwa wiki zetu za mwisho."

Nikamwomba radhi. Sikumbuki kama nimewahi kumwomba mtu radhi mbele ya watu kabla ya siku hiyo. Alinishika mikono akasema Newala si mbali, gari zipo kila siku, na mimi nikaitikia kwamba si mbali. Sote tulijua magoti yangu yasiyotaka safari, na tulijua mgonjwa wake asiyeachika. Mapacha walikuja kuniamkia, tayari wana viatu vya safari. Mzigo ukafungwa. Dereva akapiga honi.

Mama Pacha alipanda mguu mmoja, akasita, akageuka.

"Hebu niambie basi," alisema. "Ilikuwa tamu?"

Nikamwambia ilikuwa tamu kuliko nyama yoyote niliyopika tangu nizaliwe, nje inavunjika kama kaukau za viazi, ndani maji matupu. Nikamweleza chumvi ya asubuhi, mkate wa juzi, dakika sita kwa sita, na zile tano za kungoja. Dereva alikuwa amewasha gari. Yeye, ambaye hataionja maisha yake yote, alisimama ameshika mlango ananisikiliza mpaka nikamaliza. Hakuna mwingine aliyekuwa ameniuliza.